Damu ya Bibi, Damu ya Mjukuu: Somo Kuhusu Urithi na Uzee Wenye Afya Mkoani Simiyu

Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo limeombwa mara nyingi kwenye semina zetu za afya ya jamii. Tunapokaa chini ya mwembe na wanakamati, maswali mawili hayakosekani. La kwanza: kwa nini bibi mmoja amefika miaka themanini na bado anapalilia choroko zake mwenyewe, wakati jirani yake wa rika lile lile hawezi hata kunyanyua ndoo ya maji? La pili ni zito zaidi: kwa nini nyumba moja huzika watoto watatu mfululizo, na nyumba ya jirani, inayokula ugali ule ule na kuteka maji kisima kile kile, haiziki hata mmoja?

Maswali haya yanaonekana kuwa mawili, lakini yana mzizi mmoja. Sehemu ya jibu imo ndani ya damu tunayorithishana. Tusipolifahamu jibu hilo, jamii hujitafutia jibu lake yenyewe, na mara nyingi anayelipa gharama ya jibu hilo ni bibi mzee asiye na kosa. Kwa sababu hiyo tunawaomba msome somo hili kwa makini na kulipeleka kwenye vigango na jumuiya ndogondogo.

Kuzeeka kwa afya maana yake nini

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu yako Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili katika mkoa huu. Wengi ni wakulima wa pamba, mahindi, mtama na viazi, na wafugaji wa ng'ombe. Katika maisha ya namna hii hakuna mtu anayestaafu kwa barua. Mzee hufanya kazi mpaka mwili unapokataa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, lilitufundisha kutazama zaidi ya hesabu ya miaka. Kuzeeka kwa afya, kwa mujibu wa shirika hilo, ni kujenga na kutunza uwezo wa kutenda yale ambayo mtu anayaona kuwa ya thamani katika maisha yake. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kazi hiyo.

Kwa lugha ya kijijini, uwezo wa kutenda ni kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono, kushika jembe, kutembea hadi kanisani na kurudi, kumtambua mjukuu kwa macho na kwa jina, kukata viazi vya michembe na kuvianika. Mzee mwenye shinikizo la damu anayemeza dawa zake na kuyafanya hayo yote anazeeka vizuri. Kijana wa miaka thelathini anayelazwa kila mwezi kwa maumivu ya mifupa amekwisha kupoteza sehemu ya uwezo huo kabla uzee haujafika.

Urithi una sehemu gani

Kila mtu ana vinasaba, yaani maagizo ya mwili yaliyoandikwa ndani ya kila chembe hai yenye kiini. Maagizo haya huja kwa jozi: nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Watu wote tunafanana karibu kila mahali katika maandishi hayo, lakini hapa na pale herufi hutofautiana. Tofauti nyingi hazina madhara. Baadhi hubadilisha urefu, rangi ya ngozi, au jinsi mwili unavyopambana na maradhi.

Je, umri wa kuishi hutegemea urithi kwa kiasi gani? Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa jozi 2,872 za mapacha waliozaliwa kati ya mwaka 1870 na 1900. Walikuta kwamba takribani robo ya tofauti ya umri wa kuishi kati ya watu ilielezeka kwa urithi. Watafiti wengine baada yao wamepata kiwango cha chini zaidi, na wengine cha juu zaidi pale wanapoondoa katika hesabu vifo vya ajali na maambukizi. Jambo moja linabaki wazi: sehemu kubwa ya uzee wetu inajengwa na chakula, kazi, magonjwa tuliyougua, moshi tuliouvuta na matibabu tuliyopata au kuyakosa.

Hata hivyo, hapa Kanda ya Ziwa kuna tofauti moja ya urithi ambayo nguvu yake ni kubwa kuliko nyingi. Ni herufi moja tu katika kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli.

Herufi moja katika damu

Chembe nyekundu ya damu yenye afya ni ya duara na laini. Hupenya kwenye mishipa myembamba kama maji yanavyopita kwenye mrija. Kwa mtu mwenye selimundu, himoglobini hugandamana pale hewa inapopungua, na chembe hujikunja na kuwa ngumu kama mundu wa kukatia mpunga. Chembe hizo huziba mishipa, na mwenye nazo hupata maumivu makali ya mifupa, kifua, tumbo na mgongo. Vilevile huvunjika mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini chembe mundu huishi wiki mbili au tatu tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Wataalamu hutumia herufi mbili kueleza hali ya mtu. Mwenye nakala mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya selimundu huitwa AS, naye kwa kawaida haumwi; ni mbebaji tu. Mwenye nakala mbili za selimundu huitwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Wasomaji watauliza: kitu kinachoua watoto kimewezaje kudumu katika damu ya watu kwa vizazi vingi? Jibu lilitolewa na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alionyesha kwamba wabebaji, yaani AS, wanakingwa dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye, ukiwemo wa Kilifi nchini Kenya, umeonyesha kwamba mtoto mwenye AS ana kinga ya takribani asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mahali penye mbu wengi kama pembezoni mwa Ziwa Victoria, kubeba nakala moja kulikuwa baraka.

Ushahidi mmojawapo mashuhuri duniani ulitoka kwa majirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1956 Allison alichapisha hesabu za watu aliowapima wilayani Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, alikuta AA 189, AS 89 na SS 9. Kati ya watu wazima 654, alikuta AA 400, AS 249 na SS 5.

Tuzisome hesabu hizo taratibu, kwa maana ndani yake mna msiba na mna rehema. Kwa watoto, wenye SS walikuwa asilimia 3 hivi. Kama wote wangekua, kati ya watu wazima 654 tungetegemea kuwakuta kama 20. Walikutwa watano. Wale wengine walikuwa wameshazikwa. Upande wa pili, wenye AS walikuwa asilimia 31 ya watoto lakini asilimia 38 ya watu wazima. Idadi yao haikuongezeka kwa muujiza. Malaria iliwachukua wenzao wengi zaidi, na wao wakabaki.

Kwa hiyo bibi wa miaka themanini tunayemwona leo Nkololo au Dutwa, aliyezaliwa kabla ya vyandarua vyenye dawa, huenda alivuka utoto wake kwa sababu ya nakala moja ya selimundu. Ni damu hiyo hiyo aliyowarithisha watoto wake.

Hesabu ambayo kila kamati inapaswa kuijua

Mwaka 2020 watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Marekani walichapisha uchunguzi wa sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Damu hiyo ilikuwa imekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha VVU, nao wakaitumia tena kupima selimundu. Walikuta mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na takribani mmoja kati ya mia ni mgonjwa.

Tuone jinsi tarakimu hizo mbili zinavyoshikana. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni AS, basi ndoa ambazo mume na mke wote ni AS ni moja ya tano ya moja ya tano, yaani ndoa moja kati ya 25. Katika ndoa hiyo, kila mimba ina nafasi nne zilizo sawa: moja AA, mbili AS, moja SS. Robo ya moja kati ya 25 ni mmoja kati ya mia. Ndivyo walivyokuta Bugando.

Tusisitize neno "kila mimba". Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, haina maana kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Ni kama kurusha sarafu: haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Nyumba moja inaweza kupata watoto sita wazima. Nyingine yenye wazazi wa aina ile ile inaweza kupata watatu wagonjwa mfululizo. Hakuna mkono wa mtu katika jambo hilo.

Aidha, mtoto hawezi kuwa SS kwa nakala ya upande mmoja tu. Lazima apokee moja kwa baba na moja kwa mama. Yule mwanamke anayerudishwa kwao pamoja na maneno kwamba tumbo lake lina mkosi anabebeshwa mzigo ambao nusu yake kamili ni ya mume.

Kwa nini wagonjwa wawili hawalingani

Katika semina tunaulizwa: mbona fulani ana sikoseli na ameolewa, ana watoto na analima, wakati mdogo wake alifariki akiwa na miaka minne? Hapa ndipo tofauti nyingine za urithi zinapoingia.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina ya pekee, himoglobini ya kichanga, ambayo haigandamani. Baada ya kuzaliwa mwili huizima polepole. Lakini kwa baadhi ya watu haizimwi kabisa, kwa sababu ya tofauti katika vinasaba vinavyoiongoza, kimojawapo kikiitwa BCL11A. Mgonjwa mwenye himoglobini nyingi ya kichanga kwa kawaida huumwa kidogo na huishi zaidi. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichunguza vinasaba hivyo kwa wagonjwa wa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2011.

Timu hiyo ya Muhimbili ilianza kufuatilia wagonjwa mwaka 2004. Katika ripoti yao ya wagonjwa 1,725, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Maana yake kwa kamati zetu ni hii: miaka mitano ya kwanza ndiyo mlango mwembamba. Mtoto akisaidiwa kuuvuka, anayo nafasi nzuri ya kuwa mtu mzima, na pengine mzee.

Ujuzi huu umezaa dawa. Haidroksiyurea ni dawa ya kumeza ambayo, pamoja na mambo mengine, huongeza himoglobini ya kichanga. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Pale Bugando nako kumefanyika utafiti wa kuitumia kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu.

Wafadhili wetu watakuwa wamesikia pia habari za tiba mpya. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri kinasaba, ambayo hulenga hicho hicho BCL11A, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Tunashukuru kwa hatua hizo zote. Lakini mtoto wa Mwandoya au Lagangabilili hatasubiri mamilioni ya dola. Anachohitaji mwaka huu ni kupimwa, penisilini ya kila siku mpaka afike miaka mitano, chanjo, foliki asidi, chandarua, dawa ya kukinga malaria kama daktari atakavyoelekeza, na haidroksiyurea chini ya uangalizi wa kliniki.

Wazee wabebaji: mambo matatu ya kuzingatia

Turudi kwa bibi yetu mwenye AS. Kwa sehemu kubwa ataishi kama watu wengine, na nguvu zake za kulima hazipungui kwa sababu ya nakala moja. Hata hivyo uzee huleta mambo matatu ambayo yeye na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapaswa kuyafahamu.

Kwanza, figo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wa watu zaidi ya 15,000 wenye asili ya Afrika, ulionyesha kwamba wabebaji wana uwezekano mkubwa kiasi wa kupata ugonjwa sugu wa figo kuliko wasio wabebaji. Ipo pia tofauti nyingine ya urithi, katika kinasaba kiitwacho APOL1, iliyoenea zaidi Afrika Magharibi lakini ipo pia kwingine barani. Inakinga dhidi ya baadhi ya aina za malale, ugonjwa ambao wazee wa Maswa walisimuliwa na wazazi wao, kwani uliwahi kuikumba wilaya hiyo miaka ya 1920. Lakini kinasaba hicho hicho huongeza hatari ya figo kuharibika ukubwani. Huo ni mfano wa pili wa zawadi ya ujanani inayodai malipo uzeeni. Dawa yake ni ya kawaida: kupima shinikizo la damu, kupima mkojo, na kutotumia ovyo dawa za maumivu zinazouzwa madukani.

Pili, maji. Mbebaji anayefanya kazi ngumu juani bila kunywa maji hujiweka hatarini zaidi kuliko wengine. Msimu wa kuvuna pamba, dumu la maji liende shambani pamoja na magunia. Akiona damu kwenye mkojo, asiseme ni kichocho tu akanyamaza, aende zahanati.

Tatu, kipimo cha sukari. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hutegemea himoglobini, na kwa mbebaji kinaweza kusoma chini ya hali halisi. Mzee mwenye AS amweleze mganga hali yake, ili apimwe pia kwa njia ya kawaida ya sukari ya asubuhi kabla ya kula.

Macho mekundu na macho ya manjano

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Tangu miaka ya 1970 Usukumani kumeripotiwa mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi unaotolewa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Kila mmoja wetu aliyelelewa na bibi anajua macho hayo yanatoka wapi: miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni, mabua ya pamba na samadi katika jiko lisilo na dirisha.

Tuweke mfano. Katika boma moja mtoto anapungukiwa damu, macho yanakuwa ya manjano, mikono na miguu inavimba, anafariki. Mwaka unaofuata anafuata mwingine. Familia inakwenda kwa mpiga ramli. Anaulizwa nani amefunga nyumba hii. Macho ya watu wote yanageukia kibanda cha bibi.

Tazameni uchungu wa jambo hili. Vidole vilivyovimba na macho ya manjano vina jina, na jina hilo linajulikana maabara kwa tone moja la damu. Macho mekundu nayo yana sababu, na sababu hiyo ni kazi ya kuwapikia hao hao wanaomshitaki. Kama kuna uhusiano kati ya bibi na mjukuu aliyekufa, ni kwamba huenda bibi alibeba nakala moja iliyomwokoa na malaria, akaipitisha kwa mwanawe bila kujua, kama ambavyo babu, na babu wa babu, walivyofanya. Hakuna aliyechagua damu yake.

Ualbino pia hurithiwa kwa hesabu hiyo hiyo ya nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Kanda yetu inajua ni damu kiasi gani imemwagwa kwa kutokuelewa hilo, hasa tangu mwaka 2006. Mtu mwenye ualbino aliyepewa kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na miwani anaweza kusoma, kufanya kazi na kuzeeka. Asiyepewa hunyang'anywa miaka yake na saratani ya ngozi, hata kama hakuna aliyeinua panga.

Tunasema haya bila kuwadharau wazee wetu wa mila. Watu waliona watoto wakifa na wakatafuta sababu. Kutafuta sababu ni akili. Kosa ni kuendelea kushika sababu ya zamani baada ya ile ya kweli kupatikana.

Kamati ya parokia ifanye nini

Tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo hazihitaji mradi mkubwa.

1. Kila kamati iulize zahanati na kituo cha afya cha jirani: je, kipimo cha haraka cha selimundu kipo? Vipo vipimo vinavyotoa jibu ndani ya dakika 10 hadi 15 kwa tone la damu la kidoleni. Kama hakipo, andikeni jambo hilo katika taarifa yenu ya robo mwaka.

2. Familia iliyofiwa na mtoto mwenye dalili tulizozitaja itembelewe mapema, ndani ya siku za matanga ikiwezekana. Mtoto anayefuata apelekwe kupimwa. Ziara hiyo inaweza kuokoa watu wawili: mtoto na bibi.

3. Mafundisho ya uchumba yawe na kipindi kuhusu selimundu. Tusiwakataze AS wawili kuoana. Uamuzi ni wao. Kazi yetu ni kuhakikisha wanaamua wakijua.

4. Majibu ya damu ni siri ya mwenyewe. Yasitajwe kwenye mkutano wala kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Jibu likitangazwa ovyo linaweza kuvunja ndoa na kuzua maneno kuhusu baba halali wa mtoto.

5. Kwa wazee, kila jumuiya iweke siku moja ya robo mwaka ya kupima shinikizo la damu na kuangalia uwezo wa kutenda: je, anainuka mwenyewe? Anatembea hadi kisimani? Anaona uzi kwenye sindano? Anayeshindwa leo alichokiweza robo iliyopita apelekwe kituo cha afya.

6. Jiko la bibi litengenezewe dirisha au bomba la moshi. Vijana wa parokia wanaweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi moja kwa udongo na matofali ya hapa hapa.

Kwa wafadhili wetu tunasema: mnapotuuliza tofauti inapimwaje, tutawaomba mhesabu pia vitu ambavyo havikutokea. Mtoto aliyevuka miaka mitano. Mwanamke ambaye hakurudishwa kwao. Bibi aliyelala usingizi bila kusikiliza hatua nje ya mlango.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika kijiji chetu maumivu ya mifupa na macho ya manjano ya watoto huitwa kwa jina gani, na huelezwaje?

2. Baba na mama wote ni AS na wana mtoto mmoja mwenye SS. Mtoto wa pili ana nafasi gani ya kuwa mgonjwa? Elezeni kwa kutumia punje nne za mahindi: moja nyeupe, moja nyeusi, na mbili za mchanganyiko.

3. Ni mzee gani katika jumuiya yetu ambaye uwezo wake wa kutenda umepungua mwaka huu? Nani atamtembelea wiki hii?

4. Ikiwa jirani atatajwa kwa ramli, nani katika kamati atakwenda kwanza kwa familia, na nani atakwenda kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi?

Swali la nne lisiachwe bila majina mawili kuandikwa kwenye daftari la kamati. Kamati nyingi hulijadili kwa hisia kubwa kisha zikaachana bila kuamua. Siku ya tatizo hakuna muda wa kuchagua.

Ndugu wasomaji, urithi wa damu haukuwa hukumu kwa mababu zetu na hauwi hukumu kwa wajukuu. Wale watano wa Musoma waliofikia utu uzima na SS, katika miaka ambayo dawa zilikuwa chache mno, watukumbushe kwamba hata mlango mwembamba una watu wanaoupita. Leo tunavyo vyandarua, chanjo, penisilini na vidonge. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha vinamfikia mtoto wa Itilima kabla mpiga ramli hajafikiwa, na kwamba bibi yake anabaki hai kumsimulia habari za zamani.